Magunia ya Mkate Njiani Kwenda Nyotani

Uongozi wa Taasisi unawatangazia watumishi wote kwamba ni marufuku kuvaa kandambili za ndani nje ya jengo, na viatu vya nje ndani ya jengo. Tangazo hilo lilibandikwa asubuhi ileile ambayo kamati yetu ilikutana mbele ya chumba kilichozibwa, hapa Krasnoyarsk, kuamua kama binadamu ataweza kuishi njiani kuelekea nyota nyingine.

Safari hiyo, kwa chombo chochote tunachoweza kukifikiria kwa dhati, itachukua vizazi kadhaa. Sisi tuliuliza swali dogo zaidi: je, watu watatu wataweza kuishi mwaka mmoja bila kuingiziwa chochote? Ngano iwape mkate na oksijeni. Wao waipe ngano hewa ukaa. Na mabaki yote, hadi makombo, yachomwe tanurini ili hewa hiyo irudi kwa mimea. Mimi, mwanakemia wa kamati, sikuwahi kuamini kwamba mtu atafika. Mwaka ulipokaribia kwisha ngano ilidumaa na oksijeni ikaanza kupungua. Mwenyekiti, Gleb Innokentyevich, alitaka mlango ufunguliwe na mradi ufutwe.

Taisia Lvovna, mtaalamu wa ngano aliyekuwa ndani, aliomba kwanza akague vyumba vya kulala. Alirudi kwenye dirisha la kioo lililotutenganisha akiburuta gunia. Yeye na wenzake wawili, kama sisi sote tuliolelewa na bibi zetu walionusurika njaa, hawakuweza kutupa mkate. Kila kipande kilichobaki walikikausha na kukificha chini ya vitanda, kila mmoja bila kuwaambia wenzake. Ukaa uliosubiriwa na ngano ulikuwa umelala maguniani.

Nilimwambia kwa simu kwamba hilo limethibitisha hoja yangu: chombo kinaweza kuzibwa kisivuje, lakini abiria wataingia na bibi zao.

“Basi bibi yangu atafika nyotani, Matvey Romanovich,” alijibu. “Wewe endelea kutueleza kwa nini haiwezekani. Sisi tuna kazi.”

Alikusudia kuichoma mikate yote. Nilimkumbusha kwamba moto nao hula oksijeni, na kwamba ngano ingechelewa kuirudisha. Hatari ya kipindi hicho cha katikati hakuna aliyeipima. Mwenyekiti akaninyang’anya simu.

“Taisia, acha ukaidi. Fungua mlango.”

“Kitasa kiko upande wangu, Gleb Innokentyevich. Kanuni mliiandika wenyewe: walio nje hawafungui mpaka mtu aanguke. Unaniona nimeanguka?”

Mwenyekiti alinirudishia simu; kanuni ilikuwa na saini yake.

Taisia alifungua tanuri. Wenzake waligeukia ukuta. Mkono wake ulisita hewani na kipande cha kwanza; akakibusu, akakitupa motoni. Cha pili hakukibusu. Kipimo cha oksijeni kilishuka kidogo, kama nilivyosema, naye hakukitazama. Aliburuta gunia lingine.

Kamati, mlango ukiwa bado umefungwa, ilijadiliana hadi chai ikapoa, kisha ikaamua kwa kauli moja: jaribio lihesabiwe kuwa limekwisha saa sita mchana, washiriki wote wahesabiwe kuwa wametoka salama, na kikao kijacho kipange namna ya kuwapokea.