Salamu Iliyobaki Njiani

Mbwa alimramba Stambuli mguuni kabla mwenyeji hajaitikia hodi. Stambuli aliruka nyuma, akakunja kikoi hadi magotini, akabaki amesimama kwa mguu mmoja katikati ya kiwanja cha watu. Ule mwingine hakujua auweke wapi. Kwa mtu aliyezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, mate ya mbwa si kitu cha kupangusa ukaenda zako. Yanataka maji mara saba, na mara moja katika hizo yachanganywe na udongo.

"Anakusalimu tu," alisema Karisa, akitoka kibandani na kipande cha muhogo mkononi. "Anaitwa Watasema."

"Watasema nini?"

"Hayo wanayosema."

Stambuli alicheka kwa adabu, kisha, mguu ukiwa bado juu, akaanza maamkizi. Aliuliza hali ya Karisa, ya watu wa nyumbani, ya shamba, na habari za ile mvua iliyopita juu kwa juu bila ya kutua. Kwao mtu hauingii mlango wa haja yake bila ya kuvua viatu kwanza. Karisa alimngoja amalize, kama mtu wa Changamwe anavyongoja garimoshi lipite ndipo avuke reli.

"Haya. Umekuja kutaka nini?"

"Unifunze kuwinda."

Karisa alimtazama kofia, akamtazama vidole, akamtazama na ule mguu uliokuwa hewani. Alikuwa mtu mfupi, rika moja na Stambuli, mwenye mafua yasiyokwisha. Alikuwa ametoka kwao Kaloleni kufuata vibarua vya bandarini, akajenga kibanda Timbwani, na siku ambazo hakuitwa kazini aliingia msituni.

"Watu wa kisiwani hununua nyama," alisema.

"Walikuwa wakinunua."

Stambuli alikuwa fundi wa kofia za viua, zile za kutobolewa na kushonwa kwa mkono, na alikuwa hodari. Vita vilipopamba moto, watu wakaambiwa kwamba ndege za adui huenda zikaja kupiga bandari, alimchukua mkewe, Johari, akavuka naye Likoni mpaka Bofu, wakapewa kijumba karibu na nyumba ya baba yake Johari. Ndege hazikuja. Ilikuja njaa. Mwaka wa njaa nani anunue kofia? Kichwa kinaweza kukaa wazi, tumbo halikubali.

Mtoto alizaliwa katikati ya shida hiyo. Johari alikuwa ndani, arubaini yake haijatimia, na maziwa yalikuwa yakimkauka kifuani. Mzazi hataki maneno, ataka mchuzi. Kuku wote wa Bofu walikuwa wamekufa kwa kideri, mbuzi walikuwa wakiishia kwenye kambi za askari, na upepo wa kusi ulikuwa umeichafua bahari hata wavuvi wenyewe walilalia muhogo. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Stambuli alisikia kilio kile hata alipokuwa mbali na nyumba.

Baba yake Johari, Maalim Mwinyihaji, alikuwa na chuo cha Kurani karibu na msikiti, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimwita mkwewe barazani akamwambia kwa upole, "Arubaini ikifika na hali ni hii, nitampeleka Johari na mwanawe Tiwi, kwa shangaziye, kwenye ng'ombe wa maziwa. Wewe utabaki na sindano zako. Sikufukuzi. Lakini mke hupewa mume wa kumlisha." Upole ule ulimuuma Stambuli kuliko matusi. Alijua kwamba mke akishachukuliwa na jamaa zake kwa ajili ya njaa, kumrejesha ni kazi ya miaka.

Nyama ya mwituni ilikuwapo. Karisa alikuwa akipita nayo begani. Lakini ilikuwa nyama ya mshale, na mwenye mshale hakusema bismillahi. Kwa watu wa Maalim hiyo ni mzoga, haivuki kizingiti. Ilibidi mnyama anaswe yu hai, na mkono wa Mwislamu umchinje. Ndiyo maana Stambuli alikuwa pale Timbwani, mguu mmoja juu.

"Wajua kushona wavu?" Karisa aliuliza baada ya kupenga kamasi.

"Sindano ndiyo kazi yangu."

Karisa aliingia ndani akatoka na wavu wa kamba za katani, mrefu, umechanika kama uliopigana na nguruwe. Na kweli ulipigana. Stambuli aliubeba mpaka Bofu, akanawa mguu wake mara saba, akakaa chini kuushona kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka. Aliporudi nao, Karisa aliunyoosha mbele ya uso akatazama ng'ambo.

"Umeshona kofia," alisema. "Tundu ndogo hivi, paa ataugonga kama ukuta, arudi nyuma. Akiingiza kichwa ndipo anaswapo. Huu ni wa kuvaliwa Idi."

Alianza kufumua bila ya kuomba radhi. Stambuli aliona aibu, akakaa kando yake, wakafumua pamoja.

Mafunzo yenyewe hayakuwa ya fahari. Alifundishwa kujua upepo kwa majivu, kutazama ujia wa wanyama ambao kwake ulikuwa majani tu kama majani mengine, na kukaa. Zaidi ya yote, kukaa. Chungu akikupanda, unamwacha amalize safari yake. Karisa na Watasema wangezunguka upande wa pili wa kichaka na kumsukuma paa polepole, mbwa akiwa na njuga ya mti shingoni. Paa angekuja akitembea, akisikiliza nyuma. Stambuli angekuwa kando ya wavu, kisu tayari, amrukie kabla mbwa hajafika.

"Na jambo jingine," Karisa alisema. "Kwetu mwindaji haamkui wala haitikii. Ukimkuta mtu mwenye wavu, pita zako, macho pembeni, kama hukumwona."

"Na akinitolea salamu?"

"Sauti ya njiani paa ameizoea. Watu hupita kila siku. Lakini sauti ikitoka kichakani, mahali ambapo hapajapata kusema kitu, huyo hamuonani tena."

"Lakini kuitikia salamu ni wajibu, ndugu yangu."

"Wajibu wa wapi?"

Stambuli alifungua kinywa kueleza, akaona Karisa ameshaondoka.

Asubuhi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mpaka paa alipoonekana. Alikuwa mwekundu, mdogo, miguu kama vijiti, na Stambuli, ambaye maisha yake yote alimjua paa kwa mchuzi tu, moyo ulimdunda kwa furaha. Paa alipiga hatua, akasimama, akapiga nyingine. Wavu ulikuwa mbele yake.

Nyuma ya Stambuli, njiani, alipita Bi Mwanakheri, kikongwe wa Bofu, na mzigo wake wa kuni. Macho yake yalikuwa mabovu lakini kofia ya Stambuli ilikuwa nyeupe.

"Assalaam aleikum, mwanangu."

"Aleikumu salaam, bibi, shikamoo, waonaje hali?"

Yalimtoka kama chafya. Hata yeye mwenyewe alishangaa kusikia amefika kwenye hali. Kichaka kilitikisika mara moja, na pale alipokuwa paa palibaki majani. Bi Mwanakheri alisema marahaba, hali njema, akaendelea na safari yake akimsifu yule kijana kwa malezi mema.

Karisa alikuja akihema, akasimama mbele yake. Hakutukana. Alianza kukunja wavu.

"Rudi ukashone," alisema.

"Ulimi umeteleza, ndugu yangu. Nimezoeshwa tangu ni mtoto. Nikinyamaza nilikuwa nikipigwa."

"Ndiyo. Wamekulea vizuri. Nenda nyumbani."

Stambuli alimfuata nyuma mpaka Timbwani. Alikuwa hajapata kumbembeleza mtu namna ile, hata alipokuwa akiposa. Alimweleza juu ya mtoto, na Tiwi, na kilio. Watasema alikuja akamramba mkono, na safari hii Stambuli hakuurudisha. Aliuacha urambwe, akaendelea kusema. Karisa alimtazama mbwa, akautazama na mkono.

"Mara moja tena," alisema mwisho. "Na hiyo kofia uivue. Ukifungua kinywa, mkeo na ale salamu."

Siku iliyofuata walitega mahali pengine, karibu na njia inayotoka msikitini kwenda chuoni. Stambuli hakuipenda njia ile, lakini kinyesi cha paa kilikuwa pale, na paa hakuulizwa apendapo. Alikaa kichwa wazi, mgongo kwenye njia, uso kwenye wavu. Jua lilikuwa linaanza kupata joto. Alisikia njuga kwa mbali, ikanyamaza, ikalia tena.

Paa alitoka. Alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Alisimama karibu kiasi cha Stambuli kumwona puani unyevu. Sikio moja lilielekea kwenye njuga, jingine kwake.

Ndipo akasikia viatu vya mti. Alivijua kabla havijafika. Katika Bofu nzima ni mtu mmoja tu aliyekwenda chuoni kwa mitalawanda.

"Assalaam aleikum," alisema Maalim Mwinyihaji.

Paa hakushtuka. Ilikuwa sauti ya njiani. Stambuli aliuma ulimi hata akaionja damu.

Mitalawanda ilisimama. "Stambuli? Assalaam aleikum."

Angeweza kuinua kidole. Kidole tu, nyuma ya mgongo. Lakini lile sikio lilikuwa bado juu yake, na kidole cha mtu msituni ni mti unaotembea. Mtu asiyeitikia salamu ya Mwislamu mwenzake amefanya dhambi, hilo alifunzwa kabla ya kufunzwa alifu. Na huyu si mwenzake tu. Huyu ni baba.

"Assalaam aleikum," Maalim alisema mara ya tatu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Kisha mitalawanda ikaenda zake. Paa akapiga hatua, na nyingine, akaingiza kichwa.

Stambuli alimrukia. Alipigwa kwato kifuani, akapata kovu la kudumu, lakini alimshika, akamwelekeza kibla, na neno la kwanza kumtoka siku ile likawa bismillahi. Karisa alipofika, amemshika mbwa kwa ngozi ya shingo ili asiguse, alimkuta mwanafunzi wake amekaa chini kando ya nyama, machozi yanamtoka.

"Umeumia?"

"Nimenyamaza," alisema Stambuli.

Karisa alimchuna paa, akachukua kichwa na mapaja ya mbele kwa ajili ya nyumba yake, akamwachia mengine. Hakumsifu. Ila aliinama akaokota ile kofia nyeupe mahali ilipofichwa, akaikung'uta vumbi, akampa.

Johari alikunywa mchuzi bakuli zima bila ya kuzungumza, akitokwa jasho puani. Alipomaliza alimweka mtoto kifuani. Mtoto alinyonya. Waliketi wakisikiliza kama watu wanaosikiliza iwapo mvua itaendelea.

"Baba amepita," Johari alisema. "Amesimama mlangoni, hakuingia. Asema amekutolea salamu mara tatu, nawe umempa mgongo. Nikamwambia pengine hukumsikia. Asema ulisikia, masikio yako yalikuwa mekundu."

"Nilisikia."

"Basi ilikuwaje?"

Alimweleza. Johari alimtazama, akamtazama mtoto, na Stambuli hakuweza kujua ni lipi lililomtoka machoni, hasira au kicheko. Huenda yote mawili.

"Yeo usilale na jambo hili," alisema. "Chukua paja la nyuma, umpelekee. Lile zuri. Na arubaini ni keshokutwa, usisahau."

Hakusahau. Aliliweka paja kwenye sahani, akalifunika kawa, akatoka na jua la adhuhuri. Nyumba ya Maalim ilikuwa imefunguliwa mlango wa mbele kwa ajili ya upepo. Kiti cha barazani kilikuwa kitupu, lakini mitalawanda ilikuwa kizingitini, mmoja kando ya mwenziwe.

"Assalaam aleikum, Maalim."

Ndani palikuwa kimya.

"Assalaam aleikum."

Alisikia ukurasa ukigeuzwa.

Mara ya tatu sauti ilimtoka ndogo. "Assalaam aleikum, baba."

Mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, adabu ni kurudi. Kila mtoto wa mjini analijua hilo. Stambuli alitazama njia ya kurudi, akatazama sahani. Kisha akasogea kando ya mlango, akachuchumaa, sahani mapajani. Upepo ulikuwa ukitoka ndani kuja kwake. Chungu mmoja alianza kumpanda kifundo cha mguu, akamwacha. Nyuma ya pazia mkeka ulilia, kama mtu aliyejigeuza, kisha kikasikika kikohozi kidogo kilichotaka kujua kama bado yuko.

Stambuli hakujitikisa.