Udongo Mgongoni mwa Baba

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, mlinzi wa mbung'o alilizunguka gari la Tapfumaneyi mara mbili akiwa na wavu mdogo mkononi. Akachungulia chini ya viti, akafunua kikapu cha matemba, wale dagaa wakavu wa Kariba. Kwa kawaida hukaguliwa magari yanayopanda kutoka bondeni, si yanayoshuka.

"Mbung'o wa kushuka wanakusaidia nini?" Tapfumaneyi alimuuliza.

"Nafanya mazoezi, mzee. Tangu juzi halijapita gari."

Ndani ya gari walikuwa wawili tu. Keresenzia, mwanamke wa miaka sabini kasoro, alikuwa wa ukoo wa Tembo. Tapfumaneyi alikuwa mtani wa ukoo huo, na kazi aliyorithi kwa baba yake ilikuwa kuwazika watu wa Tembo na kuwacheka huku akiwazika. Mtani wa namna hiyo hakasirikiwi, hata na maiti.

Walikuwa wanamfuata baba yake Keresenzia, aliyefariki mwaka wa hamsini na nane. Kwa desturi yao, mtu mzima akishazikwa huachwa porini mwaka mmoja, kisha watoto wake hupika pombe ya ulezi, humwendea kaburini na kumrudisha nyumbani ailinde nyumba yake. Baba alikuwa na miezi minne kaburini malori yalipokuja. Watu wote wa bondeni walipakiwa na kupelekwa juu, upande wa Magunje, kwa sababu bonde, waliambiwa, lina mbung'o. Watu wakahama, mbung'o wakabaki, na baadaye pakawa hifadhi. Keresenzia alikuwa na miaka tisa. Kaka zake wote walikuwa wameshafariki, na aliyejua kaburi lilipo amebaki yeye peke yake. Akifa naye, baba angebaki porini milele. Pombe ilikuwa mtungini tangu Jumapili na ingeiva Jumamosi. Kilichopungua ni konzi moja ya udongo wa kaburi.

Kwenye ofisi ya hifadhi walipokewa na askari wa wanyamapori aliyeitwa Gatsi, mtu mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri kuliko ilivyohitajika porini. Fomu ya wageni ilikuwa na visanduku vitatu vya sababu ya safari: kutazama wanyama, kuvua samaki, kupiga picha.

"Nimemfuata baba yangu," alisema Keresenzia.

Gatsi akatia alama kwenye kutazama wanyama. Akawasomea masharti: wawe wametoka kabla ya saa kumi na mbili jioni, wasimlishe mnyama, na wasiondoke na kitu chochote cha hifadhi, liwe jiwe, unyoya, udongo au ganda la mti. Halafu akawauliza ukoo, kama watu wanavyoulizana. Aliposikia Tembo alivua kofia, akachuchumaa na kupiga makofi polepole, viganja bapa.

"Mke wangu ni Tembo," alisema. "Kumbe wewe ni mama mkwe wangu."

"Basi panda, mkwe wangu, utuonyeshe njia."

"Na upande nyuma," akasema Tapfumaneyi. "Mbele tunakaa watu wenye heshima zetu."

Walishuka. Na isemwe wazi, hakuna mahali duniani pazuri kama bonde lile mwezi wa tisa. Miti mingine yote imekauka, lakini migunga, ambayo haijawahi kufuata majira ya wenzake, imevaa majani mabichi, na chini yake kivuli kina rangi ya samawati. Zambezi imelala pana bila haraka, na ng'ambo milima ya Zambia inasimama mmoja nyuma ya mwingine. Keremkerem wekundu, ndege wala nyuki, walikuwa wametoboa kingo za mto kwa mamia, wakiingia na kutoka. Nyati walivuka njia kwa robo saa nzima bila kumtazama mtu. Keresenzia aliona shamba la maboga la mama yake, ambalo sasa lilikuwa la swala pala, na mahali walipokuwa wakichota maji, ambapo sasa alilala kiboko na mwanawe. Alijisikia fahari, kama mtu aliyerudi akakuta mpangaji ameitunza nyumba.

Safari ya dakika arobaini iliwachukua saa mbili, kwa sababu ya Gatsi. Kila tembo walipotokea alishuka garini, akavua kofia, akachuchumaa kando ya njia na kupiga makofi mpaka wa mwisho apite. Wote walikuwa wakwe zake, na mkwe hapitwi hivi hivi. Kwa miaka kumi na moja hakuna tembo aliyemkimbiza. Wenzake waliooa koo nyingine wamekimbizwa mara nyingi.

Baba walimkuta kwenye migunga ya karibu na mto. Gari la wazi lenye watalii sita lilikuwa limesimama mbali kidogo. Dume lile la tembo lilijulikana sana, lilikuwa kwenye kalenda na kwenye vikombe vya chai. Lilinyoosha mkonga kuelekea maganda ya mbegu ya juu mtini, yale ya rangi ya chungwa, likaona hayafikiki. Ndipo likajiinua taratibu, tani zake zote zile, likasimama kwa miguu miwili ya nyuma, kichwa ndani ya majani, bega la kushoto limeinama kidogo. Mtalii mmoja alilia kwa kuona uzuri, na hakuwa na makosa.

Keresenzia alilitambua bega. Baba yake alirina asali kwa kusimama vile vile, kwa ncha za vidole, bega la kushoto chini, kwa kuwa aliona ngazi ni ya wavivu. Akashuka, akapiga magoti, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, ya kike.

"Samanyanga," alisema. "Mwenye pembe. Mfungua njia ya wenzake. Mimi Keresenzia."

Tembo akashusha miguu yake chini, akaja.

"Keresi," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. "Mbona umekonda?"

"Nimezeeka, baba."

"Na huyu mwenye kichwa kama kibuyu? Ni wa nyumba ya mtani wangu?"

"Ni mwanawe, mzee," Tapfumaneyi alisema. "Baba alikuzika akalalamika mpaka kufa kwake kwamba ulikuwa mzito. Angekuona leo angetushitaki."

Tembo akacheka kwa tumbo, ardhi ikatetemeka chini ya magurudumu. Gatsi, ambaye alikuwa bado amechuchumaa, alieleza kwa sauti ya chini kwamba mzee huongea mwezi wa tisa, maganda yakiwa matamu. Miezi mingine hunung'unika tu.

Tembo akawaongoza kaburini. Lilikuwa juu ya kichuguu kipana, chini ya mkwaju, mawe yote mahali pake, na pamefagiliwa. Tawi la kufagilia lilikuwa limeegemezwa mtini. Keresenzia alilia kidogo kwa furaha, kwa maana miaka yote alikuwa akiota vichaka vimelimeza. Akatandika kitambaa cheupe, akachota konzi moja, akafunga fundo.

Gatsi alikohoa.

"Mama mkwe, nisamehe. Udongo hautoki."

"Konzi moja tu, mkwe wangu. Mwenyewe huyu hapa, muulize."

"Yeye namheshimu. Lakini naye ni wa hifadhi."

Hapakuwa na ugomvi. Gatsi alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino, lakini alikuwa na watoto wanne na kazi moja. Keresenzia akafungua fundo, akarudisha udongo, akakung'uta kitambaa mpaka kikawa cheupe. Baba aliyatazama yote hayo. Kisha akachota udongo ule kwa mkonga, akajimwagia mgongoni, kama tembo wafanyavyo kila siku pasipo kuulizwa na mtu.

"Nitaubeba mwenyewe," alisema. "Tangulieni."

Waliendesha polepole, naye akawafuata kilomita zote zile, masikio yakipepea, na wanyama wa njiani wakampisha. Keresenzia hakuacha kugeuka nyuma. Alikuwa anarudi na baba yake. Alimwonyesha Tapfumaneyi jinsi anavyotembea, kama vile Tapfumaneyi hana macho, na Tapfumaneyi alimwacha amwonyeshe.

Walifika langoni saa kumi na moja na nusu. Hifadhi haina uzio. Tembo anaweza kutoka popote, na hakuna sharti linalomkataza kuwa na vumbi mgongoni. Gatsi alilipitia daftari lote la masharti, akaridhika. Kisha akamwita Keresenzia pembeni.

"Mimi hapa namwachia," alisema. "Lakini kuanzia barabara kuu kuna mashamba. Watu wakimwona watapiga simu. Atakuja mtu na bunduki kabla jua halijazama."

"Tukiwaambia ni baba yangu?"

"Fomu yao ina mahali pa kuandika urefu wa pembe. Mahali pa jina hakuna."

Keresenzia alijua anasema kweli. Mwaka uliopita tembo mmoja alipigwa risasi kwenye kata yao, na nyama ikagawiwa mpaka shuleni. Yeye alijifungia ndani siku mbili, kwa sababu mtu hali ukoo wake.

Akamwendea baba. Alikuwa amesimama mbele ya kizuizi, akikitazama kwa adabu, akingoja kinyanyuliwe.

"Nyumbani ni mbali?" aliuliza.

"Siku mbili kwa miguu, baba."

"Pombe imeiva?"

"Jumamosi."

"Nitawahi."

Kuna maneno ambayo mtoto hamwambii marehemu wake. Huambiwa pepo mbaya tu, na anayeyasema hugeuza uso. Keresenzia hakugeuza uso.

"Rudi, baba," alisema. "Usinifuate. Kwetu huna mahali. Rudi ulikotoka."

Tembo alimtazama kwa muda mrefu. Hakuuliza sababu. Huenda aliijua, huenda alidhani watoto ndivyo wanavyokuwa siku hizi. Akageuka na kuondoka na udongo wake mgongoni, na mpaka anapotea kwenye vichaka hakuna mwendo uliokuwa mzuri kama ule. Tapfumaneyi, ambaye kazi yake ilimtaka atanie, akaenda kuwasha gari.

Walilala kwa jamaa katika mji mdogo wa Makuti, wakafika nyumbani Ijumaa asubuhi. Watoto wa kaka zake walikuwa wametandika mkeka mpya mbele ya nyumba kubwa. Waliposikia gari, wanawake walianza vigelegele, kama anavyopokewa anayerudi. Keresenzia akashuka mikono mitupu, akafunga mlango.

"Hamkumpata, shangazi?" akauliza mkubwa wao.

"Tulimpata. Ana afya, na anapendeza. Alikuwa anakuja."

"Sasa yuko wapi?"

"Nimemfukuza."

Waliosimama karibu wakanyamaza. Wanawake wa nyuma ya nyumba, kwenye mitungi, hawakuwa wamesikia, na vigelegele viliendelea.