Tangi Jekundu Dirishani

Kwenye maonyesho ya picha zake, mchoraji alikuwa akipokea pongezi huku na huku, amecheka mpaka mashavu yanamuuma, ndipo alipomwona shemeji yake amesimama mbele ya picha kubwa.

Picha ilikuwa ya madada watatu wakisukana: dada mkubwa juu ya kiti, yeye mchoraji katikati, na mdogo wao, Kitinda, sakafuni. Mwanamume huyu ndiye mume aliyemvunja Kitinda mkono. Tangu Kitinda amkimbie, hakuna aliyejua alikojificha ila dada zake.

"Hongera, shemeji," alisema kwa sauti laini. "Na hili tangi jekundu dirishani, umelitunga au lipo?"

Mchoraji alikuwa amekichora chumba alimojificha Kitinda vilevile kilivyo: dirisha, tangi la maji, bomba la moshi la kiwanda.

"Nimelitunga tu."

Mwanamume akatabasamu, akaipiga picha kwa simu, akatoka.

Mchoraji hakuaga mtu. Alimpigia Kitinda, simu ikaita hadi ikakatika. Akampigia dada mkubwa kule kwenye cherehani yake.

"Dada, nimemwonyesha mume wa Kitinda njia mwenyewe!"

"Utalia baadaye. Kimbia! Nami naja."

Alipanda ngazi za kwa Kitinda pumzi juujuu. Mlango ulikuwa wazi, ndani kimya. Akasimama mbele ya pazia la chumbani, mkono umeinuka, hathubutu kulivuta.

Pazia likasogea. Kitinda akachungulia, kichwa chote povu la sabuni.

"Vipi, umeona jini?"

Mchoraji akarudi mbio kutia komeo. Hajamaliza kueleza, viatu vikasikika kwenye ngazi. Hodi, polepole.

"Mke wangu, fungua tuongee."

Wakakaa chini, migongo yao imekaza mlango, mikono imeshikana. Povu lilimchuruzika Kitinda machoni, naye hakuthubutu kujifuta. Bega la mwanamume likagonga ubao. Likagonga tena. Komeo likaanza kulegea.

Mara dada mkubwa akapaza sauti kule chini, sauti ya kuamsha mtaa: "Majirani! Ndiye huyu! Ndiye aliyemvunja mdogo wangu mkono!"

Milango ikafunguka kila upande. Mwanamume akateremka akitukana, lakini majirani walishaziba ngazi, wakamshikilia mpaka polisi wakaja kumchukua. Hata hivyo hakuna dada aliyeshusha pumzi. Watu kama yeye hawakai sana ndani.

Jioni hiyohiyo walimhamisha Kitinda. Mchoraji alibeba mabegi hadi kwenye gari. Dada mkubwa akamvuta pembeni.

"Tunampeleka kwa..."

"Usiniambie, dada," alimkatiza. "Nikipajua nitapachora."

Kitinda aliyewasikia akacheka, kicheko kikageuka kilio, akamkumbatia mchoraji mpaka dereva akapiga honi.

Gari lilipoondoka, mchoraji aligeukia ukuta, asione limekata kona ipi.