Kichupa Kilichopewa Rufaa

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye maabara ya kituo cha afya huko Ilembo, Malale alikuwa anabandika namba kwenye vichupa vya damu aliposikia kimoja kinakohoa. Vyote vilikuwa vya wakaushaji wa tumbaku. Watafiti walitaka kujua kama damu inaweza kuitaja saratani ya mapafu kabla mwenyewe hajahisi chochote. Kilichokohoa kilikuwa namba kumi na saba. Malale akakisogeza mwisho wa reki ya vichupa, kisije kikaambukiza wenzake, akaendelea kubandika.

Kikakohoa tena, kisha kikaomba kitolewe karibu na feni. Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, kwa hiyo Malale, ambaye ana miaka thelathini na moja, akakiamkia.

"Marahaba, baba," kichupa kikajibu. "Niitie mwenye damu. Nina habari yake."

Mwenye damu alikuwa Pudensiana, mjane wa miaka hamsini na minane, ambaye kwa misimu ishirini na sita amekuwa analinda moto wa mabani ya tumbaku, vibanda vya kukaushia majani, akilala humo humo ili joto lisishuke. Sigara hajawahi kuigusa. Alifika mchana, kitenge kinanuka moshi, akakaa kwenye stuli mbele ya damu yake. Waliulizana habari za watoto, ambazo wote wawili walikuwa wanazijua.

Ndipo kichupa kikaeleza. Pafu la kulia lilikuwa linapukutisha vipande vidogo vya vinasaba, vinaanguka kwenye damu kama maganda ya karanga, na chenyewe kilikuwa na muda wa kuvisoma. Vilikuwa na alama za methili, vibandiko vidogo vya kemikali, mahali ambapo hazitakiwi, na alama hizo zilikuwa zimezifunga jeni zinazozuia uvimbe, kama mtu anavyofunga duka kwa kufuli wakati wateja bado wako nje.

"Kauvimbe kenyewe bado ni kadogo, kama punje ya ulezi," kikasema. "Kakitolewa sasa, unapona."

Pudensiana akamuuliza Malale afanyeje. Malale akachukua fomu ya utafiti aliyoisaini Pudensiana na kumsomea kifungu cha tisa, kwamba majibu hayatarudishwa kwa washiriki. Kichupa kikasema chenyewe hakikusaini chochote. Malale akaona hoja hiyo ina uzito, akawapeleka wote wawili kwa daktari.

Daktari Ladislas alikuwa mtu mpole, anayesikiliza mpaka mwisho. Alimpiga Pudensiana picha ya kifua, ikatoka safi. Kichupa kikamwambia picha hiyo haiwezi kuona punje ya ulezi. Daktari akakubali, akasema CT scan ingeiona, ila mashine iko hospitali ya rufaa, mwendo wa siku nzima, na mwongozo unasema rufaa ni ya mwenye dalili. Pudensiana hakuwa na dalili. Hakohoi, hajakonda, na ngazi za kituo amezipanda bila kuhema.

"Mimi nakohoa," kichupa kikasema.

Daktari akakiwekea stethoskopu, akasikiliza dakika nzima. Kikohozi kilikuwa cha kweli. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kumnyima mgonjwa haki yake, alikifungulia faili, akakiandikia rufaa. Kwenye sehemu ya jina akaandika Kichupa Kumi na Saba. Kwenye sehemu ya msindikizaji akaandika Pudensiana.

Waliondoka Alhamisi kwa gari la wagonjwa. Kichupa kililazwa kwenye machela na kufungwa mikanda mitatu, Pudensiana akakaa kwenye kiti cha kukunja. Kwa muda mrefu alitazama miombo inapita dirishani. Mpaka asubuhi ile hakuwa ameogopa. Sasa aliogopa, na mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu.

"Kanauma?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakaumi," kichupa kikajibu. "Ndiyo shida yake."

Hospitali ya rufaa iliwapokea vizuri. Mpiga picha, kijana anayeitwa Innocent, alikiweka kichupa katikati ya kitanda kirefu cha mashine na kukiambia kivute pumzi, kiibane. Kikajibu kwamba hakina cha kubania. Innocent akasema kijitahidi hivyo hivyo. Mashine ikazunguka, ikanyamaza.

Pudensiana, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa vyakula, akaomba apitishwe naye mara moja, maadamu mashine imeshawashwa na kitanda ni kirefu. Innocent aliisoma barua ya rufaa mara mbili, akitafuta mahali pa kumsaidia. Alisikitika kweli. Barua ilikuwa ya Kichupa Kumi na Saba.

"Msindikizaji hapigwi picha, mama," akasema. "Nyie mnasubiri nje."

Majibu yalitoka siku ya pili, yana muhuri. Mapafu hayakuonekana upande wa kulia wala wa kushoto. Mgonjwa aache sigara, ahudhurie kliniki kila mwezi.

Walirudi Ilembo. Tumbaku ilikuwa imeiva, mabani yanangoja, na Pudensiana akarudi kulinda moto, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia mapumziko. Kichupa kiliandikiwa majuma mawili. Kilikaa kwenye friji la maabara, na Malale alikuwa anakisalimia kila asubuhi.

Siku ya kliniki Pudensiana alikibeba mpaka kwa nesi Restituta, maana chenyewe hakitembei. Nesi alikipima uzito, akakiuliza kinalalaje. Kikamwambia kwamba ile punje sasa ni ya mtama. Akaiandika kwenye faili, kwa mwandiko mzuri, akapanga tarehe nyingine. Kisha, kwa heshima tu, akamgeukia msindikizaji na kumuuliza kama naye ameanza kukohoa.

"Bado," alisema Pudensiana.

"Basi mshukuru Mungu, mama," nesi akasema, na akamwomba asogee kidogo kwenye benchi, mgonjwa apate nafasi.