Ukumbi wa Mawe wa Ziwani

Mwalimu Kavutha alikuwa mwepesi wa hasira, na kilichomkasirisha kuliko vyote ni kuona nyumba ya zamani ikiangushwa na watu wanapita tu kama wanaopita takataka. Alifundisha shule ya msingi karibu na Ziwani. Jumamosi, wenzake walipokuwa sokoni, yeye alizunguka mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji, akibisha milango na kuwauliza wazee: nani alijenga hapa, mawe yalichimbwa wapi, chumba hiki mlilala wangapi. Wengine walidhani ametumwa kupeleleza wasiolipa kodi. Mumewe Mativo, dereva wa lori, alimwambia mawe hayana shukrani. Jumamosi iliyofuata Kavutha akatoka tena.

Jengo alilolithamini zaidi lilikuwa ukumbi wa mawe pembeni mwa Ziwani. Zamani watu walicheza densi humo, mabondia wakafanya mazoezi, vibarua wakakutana kudai haki zao. Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapigania uhuru. Mwaka wa hamsini na nne askari wa Kiingereza waliizingira mitaa, wakawapitisha wanaume mmoja mmoja ndani ya ukumbi ule, mbele ya msaliti aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likiinama kumtambulisha mtu, alitupwa kwenye lori na kupelekwa kizuizini. Kavutha alikuwa ameyapata haya vipandevipande, kwa maana waliopitia humo hawakupenda kuyasema.

Mwaka wa sabini na tisa, diwani wa mtaa, bwana mmoja aliyeitwa Nahashon, aliitisha mkutano akatangaza kuwa ukumbi umechakaa na ni hatari kwa watoto. Utabomolewa, na mahali pake pajengwe kituo cha petroli. Kavutha alisimama akauliza kituo hicho kitakuwa cha nani. Kila mtu alijua kuwa ni cha diwani mwenyewe.

Diwani alitabasamu. "Mwalimu, historia haijazi tangi."

Watu walicheka. Kicheko kile kilimuuma Kavutha kuliko maneno yenyewe. Wengi wa waliocheka walikuwa wamefanyia harusi zao ndani ya ukumbi huohuo. Alifika nyumbani akabamiza sufuria jikoni hadi Mativo akatoka akaenda kukaa nje.

Aliamua kuwatafuta waliopitishwa mbele ya gunia, awaombe waende naye mjini kwa wakubwa wakaseme kwa vinywa vyao kwa nini ukumbi usiguswe. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa mtu mmoja: Bedan Njogu, mshona viatu vya matairi pale soko la Kariokor.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda, anakata kipande cha tairi kwa kisu kirefu. Bedan alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akasema kwamba, kwa upande wake, ukumbi ule ungebomolewa hata jana.

Kavutha hakuamini masikio yake. Alimwambia kwa sauti ya juu, wauza mikoba wa jirani wakisikia, kwamba basi yeye na diwani ni kitu kimoja.

Bedan aliweka kisu chini.

"Mwalimu, mimi nilivuliwa nguo mle ndani mbele ya mdogo wangu," alisema. "Gunia likainama. Nikakaa kizuizini miaka mitano. Niliporudi, mama alikuwa ameshazikwa. Na mpaka leo sijui ndani ya gunia alikuwa nani. Pengine jana nimemuuzia viatu. Sasa wewe unataka nipite hapo kila siku nikiutazama?"

Kavutha aliondoka akiwa amekasirika vilevile, ila sasa hakujua amkasirikie nani.

Alirudi baada ya siku chache. Safari hii hakuomba kitu. Alikaa kwenye debe lililogeuzwa, akamtazama Bedan akipigilia misumari. Mwishowe alimwambia jambo moja tu: kwamba ukumbi ukiangushwa, atakayefurahi kuliko wote ni yule wa ndani ya gunia, kwa kuwa hapatabaki mahali pa kunyooshea kidole na kusema ni hapa.

Bedan alikiweka kiatu kando. Alisema hajawahi kuukanyaga ukumbi ule tangu siku ile. Jumapili, baada ya ibada, angeingia mara moja, na Mwalimu awalete watu wasikie. Baada ya hapo wafanye watakavyo.

Kavutha alipita nyumba kwa nyumba akiwaalika watu. Bila shaka kuna aliyemfikishia diwani habari.

Jumapili walikuwa kanisani, mahubiri yakiendelea, walipoanza kusikia ngurumo. Kavutha alielewa kabla ya wengine. Alitoka mbio na viatu mkononi, na nusu ya waumini nyuma yake. Tingatinga lilikuwa limeshaangusha ukuta wa nyuma. Vumbi lilijaa barabarani. Polisi walisimama kwa safu, na diwani alikuwa kando ya gari lake, suti haina hata doa.

Bedan alifika akihema. Kavutha alifikiri atafurahi, au walau atageuka arudi zake. Badala yake mzee yule alipita katikati ya polisi kana kwamba hawapo, akaingia kwenye mlango uliokuwa bado umesimama, akawageukia watu. Dereva wa tingatinga akazima injini.

"Mmeshindwa kungoja hata nimalize kuomba," Bedan alisema. "Niliingizwa humu kwa bunduki nikanyamazishwa. Leo nimekuja kusema, na mnaninyamazisha tena. Tofauti yenu na wao ni ipi?"

Alianza kueleza: aliposimama, mdogo wake aliposimama, gunia lilipokaa. Hakufika mbali. Diwani aliashiria kwa kidole, na askari wawili wakamwinua Bedan kwapani wakamtoa, miguu ikiburuta. Kavutha aliokota jiwe kwenye kifusi na kulitupa kwa nguvu zake zote. Kioo cha gari la diwani kilipasuka chote.

Wote wawili walilala kituoni. Bedan aliachiliwa asubuhi, Kavutha akafikishwa kortini. Hakufungwa, lakini kabla ya muhula kwisha alihamishiwa Dandora, pembezoni mwa jiji, kwenye shule mpya iliyokuwa na madarasa ya mabati. Ukumbi ulimalizwa kubomolewa Jumapili ileile. Kituo cha petroli kilijengwa.

Kila Jumamosi Kavutha alikuwa akitoka Dandora kwenda Kariokor, na Bedan alimsimulia yote, kidogokidogo. Wazee wengine wakaanza kuja, kila mmoja na lake. Baadhi walilia. Kavutha hakulia. Kila alichosikia kilimwongezea ghadhabu.

Bedan alifariki mwaka wa themanini na sita. Siku ya kuagwa kwake diwani alikuja na magari matatu, akapewa nafasi ya kuzungumza. Alimsifu marehemu kuwa shujaa wa uhuru, rafiki yake wa miaka mingi, mtu ambaye mtaa hautamsahau.

Kavutha alisimama bila kuitwa. Mzee mmoja wa kanisa alimvuta nguo akimwomba akae, asiharibu ibada. Njoki, binti wa marehemu, akainuka kwenye viti vya wafiwa.

"Mwacheni Mwalimu aseme," alisema.

Kavutha alikwenda mbele, akasimama karibu na diwani hadi mabega yakakaribia kugusana, wala hakumtazama.

"Huyu anayemwita rafiki yake aliwaamuru polisi wamburute mbele ya macho yetu," alisema. "Wengi wenu mlikuwapo. Mlinyamaza siku ile. Leo hamtoki hapa kabla hamjasikia maneno aliyokatizwa."

Diwani alitazama saa yake, akawatazama watu. Hakuna aliyempisha njia. Akaketi, na Kavutha akaanza kusimulia.