Njia za Mjomba Clement

Violet aliona haya kumbagulia mjomba wake njia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alikuwa fundi mitandao wa kampuni ndogo ya intaneti pale Tunduma, na ruta aliyoitunza, kifaa cha kuelekeza data, ilibeba kazi za ruta mbili. Ndani yake iliendesha michakato miwili, yaani programu mbili za kutafuta njia za data. Mmoja ulijua minara ya Ndalambo na ya milimani Ileje. Wa pili ulijua minara ya mjomba Clement, ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Sanduku moja, ramani mbili, na hakuna mchakato uliosoma ramani ya mwenzake mpaka fundi aruhusu.

Asubuhi mjomba alipiga simu. "Mpwa wangu, wateja wangu wanataka kuwafikia wa kwako. Nifungulie basi."

Fundi yeyote anajua: ukifungua, taja njia zipi zipite na zipi zikae nje. Violet naye alijua, tena vizuri tu. Lakini huyu ndiye aliyewalea yeye na mdogo wake Frida baba yao alipofariki, na nyumbani kwake Nakonde wao huingilia mlango wa uani, bila hodi. Utamwekea mlinzi mtu kama huyo? Akafungua pande zote mbili, kila njia ipite, akaenda zake kunywa chai.

Mchana zahanati ya Ikinga, huko milimani Ileje, ikapotea mtandaoni. Mchakato wa huku uliuambia wa kule njia ya kwenda Ikinga. Wa kule ukairudisha kana kwamba ni habari yake mwenyewe, na wa huku ukaiamini! Sasa kila kilichotumwa Ikinga kilivuka mpaka, kikarudi, kikavuka tena, wala hakikufika.

Simu ikaita. Alikuwa nesi Gwalugano wa zahanati hiyo, anahema.

"Dada Violet, kioo kimezima. Daktari alikuwa ananielekeza, akakatika. Frida amejifungua, ila damu haikati!"

Frida aliolewa Ikinga, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari la wagonjwa halipiti, na daktari wa wilayani alikuwa akimwongoza nesi kwa picha za video. Simu za kawaida kule hushika kilimani tu.

"Mpigie daktari hapo hapo ulipo!"

"Nikiwa kilimani sipo kitandani, dada. Tengeneza huko. Mimi narudi."

Violet alifuta ile njia ya uongo. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi tena, maana mchakato mmoja ukisahau, mwenzake anaukumbusha. Jasho likamtoka, akaitukana ruta, akamwita Mungu, akaitukana tena. Dawa ya haraka aliijua: auzime mchakato wa mjomba, Nakonde yote ibaki gizani. Na bado, mdogo wake akivuja damu, alihangaika kutafuta namna ya kutomkata mjomba. Haya gani hizo, jamani?

Mwishowe akauzima, machozi yakimtiririka. Ikinga ikatokea mara moja.

Akapiga magoti sakafuni, akawa anaomba kwa sauti kama mtu aliyerukwa na akili. Simu ikaita tena. Gwalugano. Violet aliiogopa simu ile, maana nesi aliye kilimani hayupo kitandani.

"Mtoto mzima, dada. Shemeji Jairo amempakata mwanawe."

"Na Frida?"

Upepo wa kilimani ulisikika kwanza.

"Daktari ametokea kwenye kioo, dada. Ametukuta tunamfunika."

Violet alikaa palepale sakafuni. Ujumbe ukaingia kwenye simu, wa mjomba Clement: "Mpwa wangu, kulikoni? Mbona umetufungia mlango?"

Akaandika akafuta, akaandika tena.

"Mjomba, vuka uje. Ni Frida."