Mkono wa Pete

Kwa miaka thelathini na minne nilimsubiri mke wangu ndani ya pikapu.

Kila Alhamisi jioni nilimpeleka Lavonne kwenye ukumbi wa wakulima akacheze dansi ya mraba. Yeye anaingia ndani na gauni lake la marinda, mimi nabaki nje na koti langu la shambani, nasikiliza bei ya mahindi redioni. Aliniomba niingie hata mara moja. Nikawa namwambia, "Alhamisi ijayo." Mwanaume mzima wa Nebraska aamrishwe na mtu mwenye kipaza sauti, nenda kushoto, rudi kulia, mwinamie mke wa jirani? Upuuzi mtupu! Nilisema hivyo mbele za watu, naye anasikia. Mwaka mmoja alinishonea shati la buluu lenye maua meupe, kitambaa kimoja na gauni lake, maana wacheza dansi hii huvaa sare mume na mke. Nikalitundika kabatini likakaa humo. Mjinga mimi.

Sasa Lavonne yuko nyumba ya wazee, mwaka wa pili huu. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaja akasahau majina ya wajukuu, mwisho akanisahau mimi. Nikienda kumwona ananiita "bwana" na kuniuliza kama nimekuja kutengeneza bomba.

Lakini Agosti nilimkuta amekaa karibu na redio inayopiga fidla, na miguu yake inakwenda chini ya kiti. Inahesabu! Nikasimama pale mlangoni nimeshika kofia. Nikajiambia, kichwa kimenisahau, miguu haijasahau kitu. Nitampata kwa njia hiyo. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani: anitazame aniite Harlan.

Mafunzo ya wanaoanza hufunguliwa Septemba. Nilipoingia ukumbini, Dwight Skaggs, yule anayeita hatua, alishusha kipaza sauti.

"Jamani, nishikeni! Harlan Tibbets! Pikapu imeibiwa?"

Wakacheka wote. Nusura nigeuke nirudi nyumbani. Aliyenizuia ni Nadine Oakes, rafiki wa Lavonne wa siku nyingi. Wakongwe wanaokuja kucheza na wanafunzi huitwa malaika, na yeye akapangiwa mimi.

"Malaika wako ndiye mimi," akasema, "kwa hiyo nikanyage pole pole, mwenzio nina uvimbe wa kidole."

Mraba ni watu wanane, mume na mke kila upande, na mmoja akikosea wote saba wanaharibikiwa. Mkoseaji nilikuwa mimi. Dwight akiita mkono wa kushoto, mimi natoa wa kulia, watu wanagongana vifua.

"Kushoto, Harlan! Mkono wa pete! Au umeshaachika hutuambii?"

Nilikasirika, nikaapa sirudi. Alhamisi iliyofuata nikarudi. Majira yote ya baridi nilifanya mazoezi ghalani na viti saba nimevipanga, nikiviinamia kimoja kimoja. Kufika Aprili nilikuwa nazijua hatua zote.

Mahafali ya mafunzo yalikuwa Jumapili mchana pale ukumbini. Nilivaa shati la buluu. Lilinibana tumboni, nikavuta pumzi nikalifunga. Nadine alikwenda nyumba ya wazee akamvalisha Lavonne lile gauni, nami nikawaleta. Njiani Lavonne alikuwa anaangalia mashamba.

Tukasimama kwenye mraba. Dwight, safari hii bila utani, akaita. Na Lavonne akacheza! Mgongo umenyooka, miguu myepesi, hakukosea hata mara moja. Watu walikuwa wanalia huku wanacheza. Aliyekosea ni mimi, kwa vile macho yangu yalikuwa kwake. Nilitoa mkono wa kulia.

"Mkono wa pete, bwana," akaniambia kwa upole, akaushika wa kushoto mwenyewe. Akaitazama pete yangu. Nikangoja aniite.

Fidla ikanyamaza. Tukainamiana, ndiyo desturi.

"Ahsante, bwana. Umejitahidi. Una mke?"

"Ninaye."

"Hakucheza leo?"

Akaligusa shati langu kwenye kola, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nilimshonea mume wangu la namna hii hii. Hakulivaa hata siku moja."

"Labda aliona haya," nikasema.

"Alinionea haya mimi," akasema Lavonne. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma. "Ningependa kutoka sasa, tafadhali. Ananisubiri nje kwenye pikapu, na hapendi kucheleweshwa."

Nadine akajitokeza aongee, nikamzuia kwa mkono. Ungemwambia nini? Nikamshika Lavonne kiwiko, nikamtoa nje, nikampandisha kwenye pikapu na kumfungia mlango. Nikazunguka nyuma ya gari. Koti langu la shambani lilikuwa pale nyuma, kwenye bodi ya mizigo. Nikalivaa juu ya shati, nikafunga vifungo mpaka shingoni, nikavaa kofia. Nikaingia na kukaa mbele ya usukani.

Akageuka akanitazama. Uso wake wote ukafunguka.

"Harlan," akasema. "Nimekuchelewesha sana?"

Miezi minane nimelitafuta neno hilo ukumbini, kumbe lilikuwa huku nje linanisubiri.

"Hapana, mke wangu. Hata sijasubiri."

"Kuna mzee nimecheza naye leo, maskini. Hajui kushoto wala kulia. Lakini alikuwa ananishika mkono vizuri, kama anaogopa nitaanguka." Akalaza marinda ya gauni magotini. "Ungeingia na wewe, Harlan. Hata mara moja tu."

Maua meupe yalikuwa yanachungulia kwenye mkono wa koti. Nikayasukuma ndani kwa kidole.

"Alhamisi ijayo," nikamwambia.

"Kila wiki unasema hivyo," akasema Lavonne, akavuta mkanda akaufunga.